Tezi ya thairoidi na joto la mwili: Mwongozo kwa wagonjwa wa Kisii na Nyamira

KATIKA nyanda za juu za Gusii, mtu akishikwa na baridi ya kumtetemesha au akiamka usiku akiwa amelowa jasho, wazo la kwanza linalomjia ni malaria. Wazo hilo lina msingi. Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za milimani magharibi mwa Kenya ambazo zimewahi kukumbwa na mikurupuko ya malaria mara kadhaa.

Hata hivyo, kwa mgonjwa wa tezi ya thairoidi, hususan yule anayemeza homoni au dawa za kuipunguza, baridi na joto vinaweza kuwa na maana tofauti kabisa. Kuna homa moja ambayo humpata mgonjwa wa aina hii na ambayo ikidhaniwa kuwa malaria kwa siku mbili tatu tu, huweza kumuua. Ndiyo sababu makala haya yanaeleza jinsi tezi hii inavyoendesha joto la mwili, na mambo anayopaswa kuyazingatia mgonjwa anayeishi katika kaunti hizi mbili.

TEZI NA KAZI YAKE

Thairoidi ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iliyo sehemu ya mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hutengeneza homoni mbili kuu, T4 na T3, kwa kutumia madini ya iodini yanayotoka katika chakula. T4 ndiyo nyingi zaidi, lakini T3 ndiyo yenye nguvu. Sehemu kubwa ya T3 hutokana na T4 inayogeuzwa ndani ya ini, figo na viungo vingine.

Tezi hii haijiendeshi yenyewe. Tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa homoni iitwayo TSH, ambayo kazi yake ni kuisukuma thairoidi. Homoni za thairoidi zikipungua katika damu, TSH hupanda. Zikizidi, TSH hushuka. Kwa hivyo, daktari anapoagiza kipimo cha TSH, anasoma mashauriano yaliyopo baina ya ubongo na shingo.

Homoni za thairoidi zinapoingia katika seli, huzifanya zichome chakula na kutumia hewa ya oksijeni kwa kasi zaidi. Kila kazi inayofanyika ndani ya seli huacha joto, kama vile injini ya lori inavyopata moto hata ikiwa imesimama na kunguruma tu. Mnamo 1895, daktari Adolf Magnus-Levy wa Ujerumani alipima kiasi cha oksijeni kinachotumiwa na wagonjwa na kuthibitisha kwamba wenye homoni nyingi huitumia kwa wingi kuliko watu wazima wa afya, nao wenye upungufu huitumia kidogo.

Mwenye kuamua kiwango cha joto ni sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hiyo ndiyo inayouweka mwili karibu na nyuzi 37 za Selsiasi. Kukiwa na baridi, huamuru mishipa ya damu ya ngozi ijifinye na misuli itetemeke. Kukiwa na joto, huifungua mishipa hiyo na kutoa jasho. Thairoidi haiamui joto liwe kiasi gani. Yenyewe hutoa kuni za kuliendesha. Kuni zikipungua, mwili hushindwa kujikinga na baridi. Zikizidi, ngozi hulazimika kutoa joto mchana na usiku.

MILIMA, MVUA NA CHUMVI

Eneo la Gusii ni la milima na mvua nyingi. Mji wa Kisii uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya vilima vya Nyamira, kama vile Kiabonyoru, hupita mita 2,000. Mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka ndiyo neema ya majani chai na migomba. Lakini mvua ya milimani ndiyo hiyo hiyo inayokokota iodini kutoka udongoni na kuipeleka mabondeni hadi baharini. Mboga na nafaka zinazomea katika udongo wa namna hiyo huwa na iodini kidogo.

Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 150 za iodini kwa siku, naye mama mjamzito 250, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Kiasi hicho ni kidogo mno kuonekana kwa macho, lakini kikikosekana kwa muda mrefu, tezi hufura ikijaribu kuinasa kila chembe inayopita. Uvimbe huo ndio uitwao rovu.

Kenya ilifanya kuwa lazima chumvi ya kula itiwe iodini mnamo 1978. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo huvunwa kutokana na maji ya bahari pwani, katika maeneo ya Gongoni na Marereni, kisha ikatiwa madini hayo viwandani. Nchini Tanzania iodini huitwa madini joto, jina ambalo kwa mintarafu ya mada yetu limelenga shabaha.

Isitoshe, vyakula vingine huizuia tezi kuitumia iodini. Utafiti uliofanywa na wanasayansi wa Kibelgiji katika kisiwa cha Idjwi, kilichoko katika Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, ulisaidia kuonyesha kwamba muhogo usioandaliwa vizuri huzidisha rovu mahali ambapo iodini ni haba. Sumu ya sianidi iliyo katika muhogo hugeuka ndani ya mwili kuwa thiosianeti, inayoshindana na iodini kuingia katika tezi. Kabichi, sukuma wiki na hata chinsaga, mboga ipendwayo mno na Wagusii na ambayo kwa Kiswahili ni mgagani, zina kemikali zinazokaribiana na hizo.

Hii haimaanishi kwamba mboga hizo ziachwe. Kupika hupunguza kemikali hizo, na mtu anayepata iodini ya kutosha hadhuriki kwa kuzila kama kawaida. Wanaochanganya unga wa wimbi na wa muhogo kupika obokima wahakikishe tu kuwa muhogo umelowekwa na kukaushwa ipasavyo. Nayo chumvi ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto na unyevu, kwani iodini hupotea.

Aidha, ifahamike kwamba si kila ugonjwa wa thairoidi husababishwa na ukosefu wa iodini. Siku hizi wagonjwa wengi ni wale ambao kinga ya mwili wao imeishambulia tezi, ama kwa kuidhoofisha au kwa kuichochea itoe homoni kupita kiasi. Wengine ni wale waliofanyiwa upasuaji wa rovu na kuondolewa tezi yote au sehemu yake. Kwao, kuongeza chumvi hakuleti nafuu, na chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu.

HOMONI IKIPUNGUA

Mgonjwa mwenye upungufu wa homoni huhisi baridi wakati wenzake wamevua makoti. Huongezeka uzito ilhali hali zaidi, ngozi yake hukauka, sauti hukwaruza, tumbo hufunga choo, na moyo hupiga polepole. Hedhi ya mwanamke yaweza kuwa nzito au kubadilika. Wengi hulaumiwa kwa uvivu na kusahau mambo, nao hukubali lawama hiyo kwa kuwa hawajui wanachougua.

Lakini si kila baridi ni ya thairoidi. Upungufu wa damu, njaa, kukonda na kisukari pia humfanya mtu ahisi baridi. Kipimo cha damu ndicho kinachokata shauri.

Tiba ni homoni yenyewe. Mnamo 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mwanamke mmoja kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo, naye akaishi miaka 28 zaidi. Edward Kendall aliitenga homoni ya T4 nchini Marekani mwaka wa 1914, na leo hutengenezwa viwandani kwa jina la levothairoksini. Kidonge hicho ni sawa na homoni ambayo tezi ingetoa, na aghalabu humezwa maisha yote.

Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji maikrogramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wazee na wenye maradhi ya moyo huanzishwa kwa kipimo cha chini zaidi, kwani kuuwasha moto ghafla kwaweza kuuchosha moyo.

KIDONGE NA KIKOMBE CHA CHAI

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapoingiliana na tiba. Levothairoksini humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Maziwa huizuia kuingia katika damu kwa sababu ya kalisi iliyomo. Kahawa, soya, dawa za kupunguza asidi ya tumbo, na vidonge vya kalisi na madini ya chuma huizuia pia.

Mchumaji majani chai anayeamka alfajiri kuelekea shambani karibu na Nyansiongo au Kebirigo, akakimeza kidonge kwa chai ya maziwa ili apashe mwili joto, huenda akawa anatumia dawa kila siku na bado akahisi baridi. Daktari naye akiona TSH iko juu huongeza kipimo, kumbe kipimo cha awali kingetosha.

Kwa mtu wa namna hiyo ipo njia nyingine: kumeza kidonge usiku anapokwenda kulala, angalau saa tatu baada ya chakula cha jioni. Lililo muhimu ni kushika utaratibu mmoja na kumweleza daktari utaratibu huo.

Vidonge hivi huharibiwa na joto, mwangaza na unyevu. Vinapaswa kuwekwa mahali pasipozidi nyuzi 25, ndani ya pakiti yake. Rafu iliyo juu ya meko, kidirisha chenye kupigwa na jua na mfuko wa mbele wa gari havifai.

WIKI SITA ZA KUSUBIRI

Mgonjwa mpya hutarajia kupata joto siku ya pili. Haiwi hivyo. T4 hukaa mwilini kwa muda mrefu: huchukua siku 7 hivi kwa nusu yake kuondoka. Kwa sababu hiyo, kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa, huchukua wiki 6 hadi 8 kabla ya TSH kutulia na kuonyesha ukweli. Anayeongeza vidonge kwa hiari yake katika wiki ya pili kwa kuwa bado anahisi baridi, huvuna matokeo yake wiki kadhaa baadaye, moyo ukidunda na mikono ikitetemeka.

Wapo wanaoshauri watu wajipime joto la kwapani kila asubuhi na kuongeza homoni iwapo kipimajoto kitaonyesha kiwango cha chini. Fikra hiyo ilienezwa na daktari wa Marekani, Broda Barnes, aliyeandika kuihusu mwaka wa 1942, kabla kipimo cha TSH hakijakuwapo. Leo haikubaliki kuwa njia ya kutambua ugonjwa wala ya kupanga dawa. Joto la kwapani hubadilika kulingana na saa, usingizi, chakula, siku za hedhi na baridi ya chumba. Asubuhi ya Julai huko Kiabonyoru, kwapa la mtu mwenye afya kamili laweza kuwa baridi vilevile.

Homoni ikizidi kwa miezi na miaka, hata kama mgonjwa anafurahia wepesi wa mwili, moyo waweza kuanza kupiga bila mpangilio na mifupa ikapoteza uimara, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi.

HOMONI IKIZIDI, NA HOMA ISIYOPUUZWA

Mwenye homoni nyingi huhisi joto wakati wengine wamejifunika. Hutoa jasho, hukonda licha ya kula vizuri, mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, na baadhi yao hutokwa na macho. Jasho la usiku na kukonda ni dalili za kifua kikuu pia, kwa hivyo ni sharti vipimo vyote viwili vizingatiwe.

Tiba ni dawa za kuipunguza kasi tezi, kama vile kabimazoli na propilithiourasili, au iodini yenye miale, au upasuaji. Dawa za kutuliza moyo kama propranololi hupunguza mtetemeko, lakini haziiponyi tezi.

Hapa ndipo ilipo homa tuliyoitaja mwanzoni. Kabimazoli na propilithiourasili, kwa wagonjwa wachache, huzima utengenezaji wa seli nyeupe za damu zinazopambana na viini. Hutokea kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya kila 200 hadi 500, aghalabu katika miezi 3 ya kwanza. Dalili zake ni homa, koo kuwasha na vidonda mdomoni.

Mgonjwa wa aina hiyo anapokwenda katika duka la dawa na kusema ana homa, ni rahisi kuuziwa dawa za malaria na kurudi nyumbani. Iwapo seli zake nyeupe zimekwisha, kila saa inayopita huwapa viini nafasi ya kuenea katika damu. Kanuni ni hii: anayetumia dawa hizi akipata homa au koo kuuma, aache kidonge hicho mara moja na afike hospitalini siku iyo hiyo akapimwe idadi ya seli nyeupe. Kipimo cha malaria kifanywe, lakini hata kikionyesha kuwa ana malaria, kile cha seli kisiachwe. Aitaje dawa yake kwa jina, au afike na pakiti mkononi.

UJAUZITO, UPANGAJI UZAZI NA KUKOMA HEDHI

Mwanamke anayetumia levothairoksini akishika mimba, mahitaji yake ya homoni hupanda mapema, kwa kiasi cha thuluthi moja hivi, kwa sababu mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi ya kwanza ubongo wake unapoumbika. Anapaswa kumwona daktari pindi anapojua, bila kungojea kliniki ya mwezi wa 5 au wa 6.

Kliniki za waja wazito humu nchini huwapa akina mama vidonge vya madini ya chuma na foliki. Ni vidonge vya maana sana, lakini visimezwe pamoja na levothairoksini. Muda wa saa 4 uwepo kati yake. Aliye na homoni nyingi naye asiache dawa kwa hofu. Daktari humchagulia inayofaa kulingana na umri wa mimba.

Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huongeza protini inayoibeba homoni ya thairoidi katika damu, na homoni iliyo huru kufanya kazi hupungua. Mwenye tezi nzima hafahamu lolote, kwani tezi hujazia pengo. Aliye tegemezi kwa kidonge huanza kuhisi baridi upya. Sindano ya miezi 3 na vijiti vya mkononi havina estrojeni, hivyo havileti tatizo hilo.

Hali ni iyo hiyo kwa wanawake waliokoma hedhi wanaopewa vidonge vya estrojeni ili kutuliza joto la ghafla. Ni vyema TSH ipimwe wiki 6 hadi 12 baada ya kuvianza. Estrojeni ya kubandikwa kwenye ngozi haipitii ini kwanza, na kwa kawaida haibadilishi mahitaji ya thairoidi.

Joto la kukoma hedhi lenyewe hutofautiana na lile la thairoidi. La hedhi huja kwa mawimbi: hupanda kutoka kifuani hadi usoni, likadumu dakika chache, kisha likaacha jasho na baridi. La thairoidi halina mapumziko, na huandamana na kukonda na moyo kwenda mbio. Mwanamke wa miaka 48 anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja.

Dawa nyingine pia hubadilisha mahesabu. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hulifanya ini liiharibu homoni haraka zaidi, na kipimo huenda kikahitaji kuongezwa kwa muda wa matibabu hayo.

WATOTO WACHANGA

Kuna watoto wanaozaliwa bila tezi inayofanya kazi, mmoja hivi kati ya kila 2,000 hadi 4,000. Mtoto huyo huwa baridi akishikwa, mlegevu, mwenye usingizi mwingi, hanyonyi vizuri, hapati choo, na umanjano wa macho yake hukawia kuisha. Majirani humsifu kwa kuwa hasumbui. Akianzishiwa homoni katika wiki 2 za kwanza, hukua na akili timamu kama wenzake. Akicheleweshwa kwa miezi, kinachopotea katika ubongo hakirudi. Kidonge husagwa, kikachanganywa na maji kidogo au maziwa ya mama, na kupewa papo hapo.

HALI ZA DHARURA

Mgonjwa wa upungufu aliyeacha dawa kwa muda mrefu, kisha akapata nimonia au kupigwa na baridi, anaweza kusinzia kupita kiasi, kuchanganyikiwa na joto lake kushuka chini ya nyuzi 35. Afunikwe kwa mablanketi na kukimbizwa hospitalini. Asiwekewe chupa za maji moto wala kuketishwa karibu na moto mkali: ngozi ikipashwa kwa ghafla, mishipa hufunguka na shinikizo la damu huporomoka. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari zaidi, kwani hewa ya sumu itokayo humo huua pasipo harufu.

Kwa upande wa pili, mwenye homoni nyingi asiyetibiwa, au aliyekatiza dawa ghafla, anaweza kupatwa na homa kali inayofika hata nyuzi 40, moyo kwenda mbio mno, kutapika na kuweweseka. Apanguswe kwa maji ya vuguvugu na kupelekwa hospitalini bila kukawia. Akipewa dawa ya homa, iwe parasetamoli. Aspirini iepukwe kwa sababu huzifungua homoni zilizoshikwa na protini katika damu na kuzidisha balaa.

Si kila zahanati ina mashine ya kupima TSH, hivyo mgonjwa huenda akaelekezwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Kabla ya safari, na aandike katika daftari lake mambo manne: jina na kipimo cha dawa, saa anayoimeza na anachoimezea nacho, dawa nyingine zote anazotumia, na tarehe ambayo kipimo kilibadilishwa mara ya mwisho. Daftari hilo humwezesha daktari kujua kama baridi anayoihisi mgonjwa imetokana na kidonge kidogo, chai ya asubuhi, au ugonjwa mwingine ambao bado haujapimwa.